Saa 600 za Tasnifu

Kwa miaka tisa nimefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali jijini Dar es Salaam, na kwa miaka yote hiyo muda wangu umekuwa ukipangwa na kengele. Kipindi ni dakika 40. Kengele ikilia, naweka chaki chini hata kama sentensi ya mwisho haijakamilika ubaoni. Nilipoanza shahada ya uzamili ya isimu ya Kiswahili, mwaka wa kwanza ulikuwa wa mihadhara ya jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, siku tatu kwa juma. Mwaka huo ulinichosha mwili lakini haukunitatiza akili, kwa sababu kulikuwa na ratiba iliyobandikwa ukutani, tarehe za kuwasilisha kazi, na wenzangu kumi na wanne waliokuwa wakikimbizana na tarehe zilezile. Ulipofika mwaka wa tasnifu, kengele ilinyamaza. Hakuna aliyeniuliza niko wapi wala nimefika ukurasa wa ngapi. Miezi mitano ilipita nikiwa na pendekezo la utafiti lililopitishwa, nusu ya sura ya mapitio ya maandiko, na aibu ambayo ilinifanya nikwepe kupita karibu na ofisi ya msimamizi wangu.

Naandika haya kwa ajili ya walimu, wauguzi, maafisa na wazazi wanaosoma huku wakifanya kazi, kwa sababu nawafahamu walimu wawili wenye akili kunizidi walioacha masomo katika mwaka huo wa pili. Wote wawili waliondoka wakiamini kwamba uwezo wao wa kufikiri ulikuwa umefika ukingoni. Nilikuwa karibu kuamini hivyo kuhusu nafsi yangu. Ninaloliamini sasa, baada ya kumaliza, ni kwamba walichokosa ni saa, na walizikosa kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kuzihesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja huchukuliwa kuwa sawa na saa kumi za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo saa za mihadhara, za kusoma peke yake na za kuandika, na shahada ya uzamili hudai krediti zisizopungua 180. Katika programu yangu, tasnifu ilipewa krediti 60. Maana yake ni saa 600. Kijitabu cha programu nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kuzizidisha namba hizo mbili. Ukizigawa saa 600 kwa majuma 52 ya mwaka, unapata saa kumi na moja na nusu hivi kwa kila juma, bila kuruka juma la mitihani, la ugonjwa wala la sikukuu.

Nilipopata namba hiyo nilitaka kujua ninazo saa ngapi hasa. Nilinunua daftari la kaunta, nikachora mistari, na kwa majuma mawili nikaandika kila nusu saa imekwenda wapi, tangu kuamka hadi kulala, bila kubadili mwenendo wangu na bila kujipendelea. Shule ilichukua saa arobaini na mbili na nusu kwa juma. Safari za kutoka Kimara kwenda kazini na kurudi zilichukua saa kumi na tano. Mapishi, kufua na watoto, saa ishirini na nane. Kusahihisha madaftari na kuandika maandalio ya somo nikiwa nyumbani, saa kumi na moja. Simu, kwa maana ya makundi ya darasa, ya ukoo, ya wazazi wa shule ya wanangu na ya kamati za harusi, ilichukua karibu saa tisa. Tasnifu ilipata saa nne na nusu. Wala hazikuwa saa nne na nusu zilizokaa pamoja. Zilikuwa vipande vya dakika ishirini na thelathini, vingi vikianza baada ya saa nne usiku, wakati macho yanasoma mstari mmoja mara tatu. Kwa mwendo huo, saa 600 zingenichukua zaidi ya miaka miwili na nusu.

Daftari lile halikunilaumu, na ndiyo sababu nalipendekeza kabla ya ushauri mwingine wowote. Nilipolisoma sikuona uvivu popote. Niliona mtu anayefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, na aliyekuwa akiipa tasnifu makombo ya siku. Kilichobaki ni kutafuta saa saba za nyongeza, na saa saba ni kitu unachoweza kukitafuta kwa jina, tofauti na ile azma ya jumla ya kuongeza bidii ambayo nilikuwa nikiirudia kila Jumapili jioni.

Saa tano nilizipata mahali ambapo sikutarajia, yaani kwenye kusahihisha. Nafundisha mikondo minne yenye wanafunzi karibu 70 kila mmoja, na nilikuwa na desturi ya kuipa yote insha katika juma moja, hivyo madaftari 280 yalikuwa yakirudi nami nyumbani kwenye mfuko wa sandarusi. Nilimweleza mkuu wa idara hali yangu, naye akakubali nipishanishe mikondo ili kila juma mkondo mmoja tu uandike insha. Wanafunzi waliandika idadi ileile ya insha kwa muhula, na kwa kweli nilizisoma vizuri zaidi, kwa sababu daftari la sabini halikusomwa na mtu aliyekwisha kusinzia. Saa nyingine nilizipata kwenye simu. Hapo sina la kueleza kwa kirefu: niliyanyamazisha makundi yote isipokuwa la familia ya karibu, nikawa nayafungua mara moja kwa siku, wakati wa chai ya saa nne shuleni.

Kupata saa ni jambo moja, na kujua saa ipi inaweza kubeba kazi ipi ni jambo jingine lililonigharimu zaidi kulielewa. Nilikuwa nikidhani kwamba saa moja ni saa moja. Daftari lilinionyesha kwamba aya niliyoiandika kwa dakika arobaini Jumamosi asubuhi ilikuwa bora kuliko kurasa tatu za usiku wa Jumatano, ambazo mara nyingi nilizifuta. Basi nikaanza kulala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi alfajiri, siku nne za juma, na kuandika hadi saa kumi na moja na nusu, kabla nyumba haijaamka. Jumamosi nilikwenda maktaba saa mbili asubuhi nikatoka saa saba mchana. Hizo ni saa kumi na moja, karibu sawa na zile nilizodaiwa, na zote zilikuwa saa zenye nguvu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akikaa nasi miezi hiyo, aliniuliza siku ya tatu, "Mwanangu, unaumwa? Mbona taa inawaka usiku kucha?" Nilipomweleza, kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akipokea watoto wakiamka mapema, na sitaacha kumshukuru.

Alfajiri niliiwekea masharti machache na kuyashika. Simu ilibaki chumba kingine. Sikufungua makala mpya wala kutafuta marejeleo. Kama nilihitaji chanzo, niliweka alama ya nyota na kuendelea, kisha jioni, akili ikiwa imechoka, nikazijaza nyota hizo. Kabla ya kusimama niliandika kwenye kikaratasi sentensi moja ya kunieleza kesho nianzie wapi na ninataka kusema nini, kwa sababu kugundua upya ulikokuwa kunaweza kula dakika ishirini kati ya tisini. Kazi za jioni zilikuwa zile zisizohitaji hukumu kubwa: kupanga orodha ya marejeleo, kurekebisha majedwali, kuandika barua pepe, kuchapa nukuu. Wapo wenzangu wanaoisifu mbinu ya nyanya, ambayo Mwitalia Francesco Cirillo aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kupima dakika 25 za kazi na kisha mapumziko mafupi. Nimeijaribu. Kwa kazi za jioni na kwa kusahihisha madaftari ni mbinu njema sana. Kwa kujenga hoja haikunifaa, kwa kuwa dakika ya 25 ndiyo kwanza mawazo yangu yanaanza kushikana, na mlio wa saa unayatawanya.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la saa zangu mwenyewe bali la saa za watu wengine. Utafiti wangu ulihusu msamiati wa uvuvi katika Kimtang'ata, lahaja ya pwani iliyo kati ya Tanga na Pangani, na ili kuingia kijijini na kurekodi maongezi nilihitaji vibali. Anayefanya utafiti wa namna hii hupewa barua na chuo chake, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa huandikia wilaya, wilaya huandikia kata, na kata humjulisha mtendaji wa kijiji. Kila barua huizaa inayofuata, kwa hiyo huwezi kuomba mbili kwa pamoja. Kazi yangu mimi katika mlolongo huo wote, yaani kuandika maombi, kutoa nakala na kupanda ngazi za ofisi, haikuzidi saa nne. Lakini tangu barua ya kwanza hadi ya mwisho zilipita karibu siku ishirini na sita, na mimi nilikuwa nimetenga siku tatu. Niliichelewesha barua ya kwanza kwa sababu nilitaka kwanza dodoso liwe kamilifu, jambo ambalo ningeweza kulifanya wakati barua ziko njiani.

Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili. Ya kwanza ni ya kazi ambazo urefu wake unategemea mikono yangu, na ya pili ni ya kazi ambazo zina dakika kumi za kwangu na siku ishirini za wengine: kuomba kibali, kumpelekea msimamizi sura, kuomba ruhusa kwa mwajiri, kumwomba mtu akupatie makala isiyopatikana kwenye maktaba yenu, kumpelekea mhariri rasimu. Kazi za safu ya pili huanza kwanza, siku ileile zinapojulikana, hata kama zinaonekana ndogo na hata kama alfajiri hiyo nilikuwa na hamu ya kuandika. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunashughulikia kwanza lile zito lililo mikononi mwetu, na lile jepesi linaloanzia kwa mwingine tunaliweka kando kwa sababu ni jepesi.

Nilifika kijijini likizo ya Juni nikiwa na siku kumi na nne na mpango wa kuhoji watu kumi na wawili, na hapo nilifundishwa somo jingine la muda ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Wavuvi niliowakusudia ni wa dagaa, ambao huvua usiku kwa taa. Samaki hao hufuata mwanga, na mwanga wa taa hufanya kazi pale tu ambapo mwezi hauko, hivyo wavuvi huingia baharini siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi, mwezi unapokaribia kupevuka. Siku zangu kumi na nne zote ziliangukia giza. Nahodha mmoja mzee, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kusikiliza haja yangu yote kwa upole, aliniambia, "Mwalimu, karibu sana, lakini umekuja na giza. Usiku tuko baharini, mchana tumelala. Ungekuja na mbalamwezi ungetuchoka mwenyewe." Nilikuwa nimepanga safari kwa kalenda ya shule, na watu niliokwenda kuwasikiliza wanaishi kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Nilirudi Dar es Salaam na maongezi manne tu, yote ya wazee walioacha kwenda baharini.

Mapumziko mafupi ya Septemba niliyapanga upya. Nilichukua kalenda ya Hijria tuliyoitundika ukutani nyumbani, nikatazama mwezi kumi na nne unaangukia lini, nikaomba ruhusa ya siku mbili za ziada ili safari iuzunguke usiku huo. Nilijua pia kwamba mwezi mpevu huja na bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na kwamba siku za bamvu, maji yanapokupwa sana asubuhi, wanawake huingia mwambani kutafuta pweza na hurudi karibu na adhuhuri. Basi asubuhi nilizungumza na wanaume waliokuwa wakishona nyavu, na wanawake nikawatembelea baada ya alasiri, vyungu vikiwa motoni. Kwa siku saba nilirekodi watu wanane, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kunivumilia tu. Saa zilikuwa nusu ya zile za Juni, na mavuno yalikuwa maradufu. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba wanavijiji hawajali muda, hukumbuka jinsi watu wale walivyoweza kunitajia, bila kutazama karatasi, maji yatajaa saa ngapi keshokutwa, kwa kuwa wanajua kwamba kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana.

Ninawasihi wanaojiandaa kwenda uwandani waulizie kalenda ya watu wanaowaendea kabla ya kukata tiketi. Kwa wakulima ni msimu wa kupanda na wa kuvuna, kwa walimu ni juma la mitihani, kwa wafanyabiashara wa soko ni siku ya gulio, kwa wauguzi ni zamu. Haya huulizwa kwa simu moja ya dakika tano.

Baada ya uwanda likaja jambo ambalo karibu kila mwanafunzi hulikadiria vibaya, yaani unukuzi, kazi ya kuyaandika maongezi yaliyorekodiwa neno kwa neno. Nilikuwa na saa kumi na moja za sauti, na katika ratiba niliyompelekea msimamizi wangu nilikuwa nimeuandikia majuma mawili. Saa ya kwanza ya maongezi ilinidai saa saba za kusikiliza, kurudisha nyuma na kuandika, kwa sababu mzungumzaji alikuwa na meno machache, upepo ulikuwa ukivuma, na kila neno la lahaja lilihitaji kusikilizwa upya ili nijue ni sauti gani hasa iliyotamkwa. Saba mara kumi na moja ni saa sabini na saba, na kwa saa zangu kumi na moja za juma hayo ni majuma saba kamili.

Kosa la aina hiyo lina historia ndefu katika saikolojia. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979, wakionyesha kwamba mtu anapopanga kazi yake huitazama kazi hiyo kana kwamba haijawahi kufanywa na yeyote, akasahau kazi zinazofanana nayo zilichukua muda gani. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa saikolojia nchini Kanada waliokuwa wakikamilisha tasnifu za shahada ya kwanza. Waliwauliza watamaliza baada ya siku ngapi, na wastani wa majibu ulikuwa siku 33.9. Waliwauliza pia itakuwaje kama kila kitu kitakwenda vibaya kadiri inavyowezekana, nao wakasema, kwa wastani, siku 48.6. Walimaliza kwa wastani wa siku 55.5. Yaani hata walipoombwa wafikirie mabaya yote, bado walikadiria pungufu, na ni takriban watatu tu katika kila kumi waliomaliza ndani ya muda waliojiwekea.

Nilipozisoma namba hizo nilipata faraja, kisha nikapata kanuni. Faraja ilikuwa kwamba udhaifu huu si wa Mwafrika, wala wa mwalimu wa sekondari, wala wa mwanamke mwenye watoto, kama ambavyo baadhi yetu tumesikia tukiambiwa. Kanuni ni kwamba sikadirii tena kazi kwa kuifikiria. Ninafanya kipande kidogo cha kazi hiyo, napima, kisha nazidisha. Kabla ya kuahidi tarehe ya sura, naandika kurasa mbili zake na kutazama zimechukua saa ngapi. Kabla ya kuahidi uchambuzi, nachambua maongezi ya mtu mmoja. Makadirio yanayotoka hapo huwa marefu na ya kukatisha tamaa kwa dakika chache, lakini yanamruhusu mtu alale.

Niliporudi kwa msimamizi wangu na hesabu ya majuma saba nilikuwa na hofu, kwa kuwa nilikuwa nikibadili ratiba niliyoitia saini mwenyewe. Profesa aliitazama, akasema, "Hii ndiyo ratiba ya kwanza uliyoniletea ninayoweza kuiamini." Kuanzia hapo tulikubaliana kwamba sitaondoka ofisini kwake bila tarehe ya kuonana tena, na kwamba kila sura nitakayompa itaambatana na karatasi moja yenye maswali matatu ninayotaka anijibu. Ana wanafunzi wengi, na sura isiyo na swali husomwa baada ya zile zenye swali. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Kwa kuwa sura moja ilikaa kwake majuma matatu kwa kawaida, nilihakikisha kwamba siku ninayoikabidhi tayari nimekwisha kuanza kurasa za sura nyingine, ili majuma hayo yasiwe ya kungojea. Safari za basi nazo zilipata matumizi: nilikuwa nikisimama, sikuweza kusoma wala kuandika, lakini niliweza kusikiliza rekodi kwa spika za masikioni, na mtu aliyesikiliza maongezi mara tatu njiani huyanukuu kwa haraka zaidi akifika mezani.

Kuhusu familia na jamii, nimesoma ushauri mwingi unaomtaka mwanafunzi ajifunze kusema hapana, na naona ushauri huo umeandikwa na watu wasiozikwa na majirani zao. Siwezi kuupangia msiba ratiba. Ukitokea naenda, na juma hilo tasnifu inapata saa chache, nami baadaye nililiweka hilo katika hesabu kwa kuyahesabu majuma 44 badala ya 52. Harusi ni jambo jingine. Kamati ya harusi hukutana kila Jumapili kwa miezi mitatu, saa tatu kila kikao, na sehemu kubwa ya kikao ni kusubiri wajumbe. Nilichofanya ni kumwendea mwenyekiti mapema, kumpa mchango wangu wote kwa mara moja, kumweleza kwamba niko katika mwaka wa tasnifu, na kumwomba kazi moja ninayoweza kuifanya nyumbani, kwa mfano kuandika majina kwenye kadi. Hakuna aliyenuna. Watu huchukia kuahidiwa na kukosewa, na mimi miaka iliyotangulia nilikuwa nimewakosea wengi kwa kuitikia ndiyo kila mahali.

Nyumbani nilikaa na mume wangu tukaliweka daftari la kaunta mezani kati yetu. Sikulalamika, nilimwonyesha zile saa ishirini na nane. Tuligawana upya, yeye akachukua Jumamosi yote pamoja na safari za sokoni. Mwanangu wa kwanza, aliye darasa la nne, aliomba awe anakaa nami mezani Jumapili jioni na madaftari yake, nami nikamkubalia hata kama jioni hiyo haikuwa ya kuandika. Nisingependa akumbuke miaka hii kama miaka ya mlango uliofungwa.

Nilitetea tasnifu mwezi wa Agosti uliofuata, na watahini wakanipa masahihisho 43 na muda wa siku 30. Usiku huo sikuahidi tarehe kwa mtu yeyote, ijapokuwa msimamizi aliniuliza. Kesho yake niliyafanya matano ya kwanza na kuyapima. Yalichukua saa nne. Nilizidisha, nikapata saa thelathini na tano hivi, yaani zaidi kidogo ya majuma matatu kwa saa zangu za kawaida, nikamwandikia kwamba atapokea kazi siku ya ishirini na sita. Niliyapeleka kwanza yale manne yaliyohitaji idhini ya mtahini, kwa kuwa hayo yalikuwa ya safu ya pili, kisha nikaendelea na yangu alfajiri kwa alfajiri. Nakala zilizojalidiwa nilizikabidhi siku ya ishirini na nne, saa tano asubuhi, kisha nikawahi daladala ili nisikose kipindi cha saa saba cha Kidato cha Tatu.